Kabla ya ile hundi kubwa kulikuwa na Babe

Mwaka jana nilipata kazi ya siku moja ya kushuti gofu. Sio gofu ya kwa TV. Ilikuwa gofu ya hisani, ile ya mashati ya rangi moja, mabango ya wadhamini kila shimo, gari jipya limeegeshwa kando ya nyasi na utepe mwekundu juu, halafu jioni watu wanapigwa picha na hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango. Pesa zilikuwa za wagonjwa wa kansa. Nililipwa vizuri, nikala vizuri, nikarudi mtaani na matatu nikiwa na memori kadi imejaa watu wanaocheka.

Kitu kimoja tu kilinikaa. Saa ya mchana nilipumzika chini ya mti na kedi mmoja, mzee wa miaka kama sitini hivi. Kedi ni yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo. Akaniangalia na kamera yangu akasema, "Kijana wangu, wewe utaongea na hawa wakubwa. Hebu waulize hizo pesa zinamtibu nani."

Nikamwambia sijui, mzee.

Akasema, "Mimi nimebeba hii mifuko miaka mingi, na kila mwaka kuna gofu ya kansa. Ndugu yangu alikuwa nayo. Sisi tulichanga kanisani."

Hakusema kwa hasira. Alisema tu vile mtu anasema leo kutanyesha, halafu akainuka akaenda shimo linalofuata.

Swali lake nilienda nalo nyumbani. Mimi niliacha chuo lakini kusoma sijaacha, kwa hivyo nikaanza kuchimba: hii kitu ya kupiga mpira mdogo ili watu wa kansa wapate dawa ilitoka wapi? Nilidhani nitakuta kampuni fulani ya sigara inasafisha jina. Nikakuta mwanamke mmoja wa Texas, mtoto wa fundi seremala, aliyekuwa anaumwa yeye mwenyewe.

Ilikuwaje kabla yake

Kucheza gofu ili kuchanga pesa ni mambo ya zamani. Mwaka wa 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinaendelea, Bobby Jones akiwa kijana mdogo tu, yeye na Alexa Stirling walizunguka Marekani wakicheza mechi za kuchangia Red Cross. Mwaka wa 1937 mwimbaji Bing Crosby alianzisha mashindano yake California, mastaa wa sinema wakicheza pamoja na wachezaji wa kulipwa. Mwaka wa 1938 mashindano ya Palm Beach yalitoa dola 10,000 kwa hisani, na mpaka leo PGA Tour inahesabu hizo kama mchango wake wa kwanza.

Kuchangia askari waliojeruhiwa ni rahisi. Hakuna anayeona aibu. Kansa ilikuwa kitu kingine. Miaka hiyo Marekani kansa ilikuwa neno la kunong'onezana. Mtu akifa nayo, gazeti linaandika amefariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Umeshaisoma hiyo sentensi, si ndio? Fungua ukurasa wa matangazo ya vifo hapa kwetu leo, utaikuta. Ni ile ile.

Ukuta ulianza kupata nyufa baada ya vita vya pili. Desemba 1946 mwandishi maarufu Damon Runyon alifariki New York kwa kansa ya koo. Rafiki yake Walter Winchell, mtangazaji aliyekuwa na wasikilizaji wengi ajabu, akaingia redioni akawaomba watu watume pesa za utafiti. Wakatuma. Hiyo ndiyo ilikuwa paybill ya wakati huo: bahasha na stempu.

Mwaka wa 1948, huko Boston, daktari Sidney Farber alikubali mtoto mgonjwa aongee redioni kutoka kitandani hospitalini. Wachezaji wa timu ya besiboli ya Boston Braves wakaingia chumbani kwake wakati matangazo yanaendelea, na nchi nzima inasikiliza. Wakamwita "Jimmy". Pesa zikamiminika, na Jimmy Fund ipo mpaka leo, na mojawapo ya njia zake kubwa za kuchanga ni gofu.

Lakini ngoja. Jimmy halikuwa jina lake. Mtoto aliitwa Einar Gustafson, na watu walikuja kujua ni yeye mwaka wa 1998, miaka hamsini baadaye, akiwa mtu mzima mwenye familia. Kwa nusu karne nchi ilimpenda mgonjwa ambaye sura yake imefunikwa. Watu walikuwa tayari kutoa pesa. Kumwangalia mgonjwa machoni na kumwita kwa jina lake, hapo bado.

Mtoto wa seremala

Mildred Didrikson alizaliwa 1911 huko Port Arthur, Texas. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway, watoto saba ndani ya nyumba, baba fundi seremala. Kila mtu alimwita Babe. Alienda Dallas kabla hajamaliza sekondari, akaajiriwa na kampuni ya bima kama karani, lakini ukweli ni kwamba walimtaka acheze kwenye timu yao ya mpira wa vikapu. Kwa hivyo ndio, alikuwa mmoja wetu, wale wa kuacha masomo. Naandika tu.

Mwaka wa 1932 kampuni ilimtuma kwenye mashindano ya riadha ya taifa kule Evanston, Illinois, na timu yake ilikuwa yeye pekee. Mtu mmoja. Akapata pointi 30 na kuchukua kombe la timu. Timu ya pili ilikuwa na wanawake 22 na ikapata pointi 22. Wiki chache baadaye, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, alichukua dhahabu ya kurusha mkuki, dhahabu ya kuruka viunzi mita 80, na fedha ya kuruka juu. Wanawake waliruhusiwa matukio matatu tu kila mmoja, la sivyo sijui angewaachia wengine nini.

Halafu akaingia gofu, na hapo ndipo akakutana na watu wa klabu. Mwaka wa 1935 alipojiandikisha kwenye mashindano ya wanawake wa Texas, mama mmoja wa tabaka la juu alisema waziwazi kwamba hawahitaji mabinti wa madereva wa lori pale. Babe akacheza, akashinda. Baadaye wakamtoa kwenye mashindano ya wachezaji wasiolipwa kwa sababu alikuwa amewahi kupata pesa kupitia michezo. Alisubiri mpaka 1943 ndipo akarudishwa. Mwaka wa 1947 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda taji la wanawake wasiolipwa la Uingereza. Mwaka wa 1950 alikuwa kati ya wanawake 13 waliounda LPGA, ligi ya wanawake wa kulipwa ambayo bado ipo.

Nayasema haya yote ili uelewe Babe alikuwa nani siku alipougua. Alikuwa mwanamichezo mwanamke maarufu kuliko wote Marekani, mtu ambaye jina lake zima lilijengwa juu ya mwili wake.

Aprili 1953

Mwezi wa nne 1953 Babe alishinda mashindano ya Beaumont, mji aliokulia, mashindano yenye jina lake mwenyewe. Alikuwa amechoka kwa namna isiyoelezeka. Siku chache baadaye madaktari wakamwambia ana kansa ya sehemu ya mwisho ya utumbo.

Upasuaji ulifanywa tarehe 17 Aprili pale pale Beaumont. Walitoa sehemu ya utumbo, wakamtengenezea tundu tumboni ili choo kitoke hapo na kuingia kwenye mfuko unaovaliwa mwilini. Hiyo inaitwa kolostomi. Najua unasoma ukiwa unakula, pole, lakini nataka ubaki hapa kidogo. Fikiria ni 1953. Neno kansa halitamkwi kwa sauti. Mwanamke hatakiwi hata kuongelea tumbo lake mbele ya wageni. Na huyu anapiga mpira wa gofu mbele ya umati akiwa na mfuko chini ya sketi.

Madaktari walitilia shaka kama atacheza mashindano tena. Kabla miezi minne haijaisha alikuwa uwanjani karibu na Chicago. Alicheza vibaya. Kuna siku aliketi, akashika kichwa, akalia. Rafiki yake Betty Dodd, ambaye pia alikuwa mchezaji, akamwambia hakuna atakayemlaumu akiacha. Akakataa, akainuka, akamaliza.

Aprili 1954 alikuwa Ikulu ya Marekani na Rais Dwight Eisenhower kuzindua kampeni ya mwaka ya American Cancer Society. Eisenhower alikuwa mgonjwa wa gofu, yule mtu alipanda nyasi za kuchezea gofu pale pale Ikulu. Nembo ya shirika hilo ni upanga, na Babe alipopewa upanga wenyewe akaushika kama fimbo ya gofu. Kila mtu akacheka. Mwanamke mwenye kansa, na rais, wanachekea kansa mbele ya kamera.

Julai mwaka huo, kwenye uwanja wa Salem Country Club huko Massachusetts, akashinda US Women's Open kwa tofauti ya mikwaju 12. Siku ya mwisho ilikuwa mashimo 36, kutwa nzima ya kutembea. Alikuwa na miaka 43.

Tangu hapo alifanya kazi mbili: kucheza, na kuongea. Redioni, kwenye televisheni, kwenye wodi alizotembelea, alisema jambo moja tu kwa njia nyingi: nilikuwa nayo, nikapimwa, nikapasuliwa, niangalieni. Watu walimwandikia barua kutoka kila mahali, wengine wakisema ndio mara ya kwanza wanamwambia mtu kwamba wanaumwa.

Kitu ambacho hakuambiwa

Hii sehemu ndiyo ilinifanya nifunge laptop nitoke nje nipunge hewa.

Wakati wa ule upasuaji wa 1953 madaktari waliona kansa imeshasambaa mpaka kwenye tezi za limfu. Walimwambia mumewe, George Zaharias. Walimwambia Betty Dodd. Babe hawakumwambia. Mwaka wote ule anazunguka akiwapa watu moyo wa kusema ukweli kuhusu kansa, watu wawili anaowapenda zaidi walikuwa wanajua jambo kuhusu mwili wake ambalo yeye mwenyewe halijui.

Sitawahukumu. Siwezi. Sisi tulifanya hivyo hivyo.

Shangazi yangu alikuwa anauza mitumba. Alikuwa akilalamika tumbo, na kwa miezi kadhaa alinunua dawa za vidonda vya tumbo kwa duka la dawa, kwa sababu kila mtu Nairobi ana vidonda vya tumbo. Alipofika hospitali na kupimwa vizuri ilikuwa kansa ya utumbo, na ilikuwa imeenda mbali. Daktari aliongea na baba yangu na amu zangu pale koridoni. Wakaamua asiambiwe. "Ataogopa," walisema. "Akijua atakata tamaa." Mimi nilikuwa nimesimama pale na nikakubali kwa kunyamaza. Miezi miwili nilimpelekea uji na kumwambia, "Anti, ni vidonda tu, utapona."

Halafu pesa zikaisha, kama kawaida. Karo yangu ya muhula uliofuata ikaenda kwa matibabu, na hilo silijutii hata kidogo. Familia ikaunda grupu la WhatsApp la kuchanga. Mtu aliyeliunda aliongeza namba zote za ukoo kwa mkupuo, na ndani yake ilikuwemo namba ya Shangazi. Jina la grupu lilikuwa na neno kansa.

Alinipigia jioni hiyo. Hakulia. Aliniuliza, "Kwani huyu mgonjwa mnayemchangia ni mimi?"

Sikujua niseme nini. Nikasema, "Ndio, Anti."

Akanyamaza, halafu akasema, "Mngeniambia. Kuna watu wana deni langu, ningeanza kuwafuata mapema."

Alifariki miezi minne baadaye. Kati ya siku ile ya simu na siku aliyofariki, alilipwa madeni, akagawa mzigo wake wa nguo, akapatana na dadake waliyekuwa hawaongei. Miezi miwili ya mwanzo tulimwibia. Tuliiba kwa upendo, lakini tuliiba.

Pesa zilienda wapi

Turudi kwa Babe. Mwaka wa 1955 kansa ilirudi, na safari hii aliambiwa. Septemba mwaka huo yeye na mumewe wakaanzisha mfuko wenye jina lake, Babe Didrikson Zaharias Fund. Na hapa ndipo swali la yule mzee kedi linapata jibu, angalau kwa kesi moja. Mfuko ule ulikuwa na mahali pa kwenda panapoonekana: kliniki ya uvimbe kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Texas kule Galveston, hospitali ile ile aliyotibiwa yeye. Unatoa dola, unajua inaingia kwa mlango gani.

Alifariki Galveston tarehe 27 Septemba 1956, miaka 45. Fimbo zake za gofu zilikuwa zimesimama kwenye kona ya chumba cha hospitali. Siku hiyo Eisenhower alianza mkutano wake na wanahabari kwa kumtaja Babe.

Baada ya hapo mtindo ukaenea. Jim Valvano, kocha wa mpira wa vikapu, alianzisha V Foundation mwaka wa 1993, muda mfupi kabla kansa haijamuua, na gofu ikawa njia yake moja ya kuchanga. Mwaka huo huo Heather Farr wa LPGA alikufa kwa kansa ya matiti akiwa na miaka 28. Kule Australia, Jarrod Lyle alipata leukemia akiwa kijana wa miaka 17, akapona, akawa mchezaji wa kulipwa, ikarudi mara mbili, na muda wote alikuwa uso wa shirika la kusaidia watoto wenye kansa mpaka alipofariki 2018. Ukiangalia vizuri, kila mahali hii kitu ilipokuwa na nguvu, katikati kulikuwa na mgonjwa mwenye jina.

Sasa angalia hesabu ya siku ya hisani inavyokaa. Mfano tu: timu 20 za watu wanne, kila timu inalipa shilingi 100,000. Hiyo ni milioni 2, na hiyo ndiyo inaandikwa kwa hundi ya kadibodi. Lakini kuna kukodi uwanja, chakula, mashati, vikombe, hema, MC, na ndio, mimi na kamera yangu. Kama hakuna mdhamini aliyebeba gharama hizo, zinatoka ndani ya hizo hizo milioni 2. Na lile gari la utepe? Ni la atakayeingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja. Kwa mchezaji wa kawaida, nafasi hutajwa kuwa kama 1 kati ya 12,500, na kwa kawaida waandaaji wanakatia bima. Gari linarudi duka la magari jioni hiyo hiyo.

Sisemi ni wizi. Nasema kuna pesa zilizokusanywa na kuna pesa zilizobaki, na hizo ni namba mbili tofauti. Ule mfuko wa Damon Runyon ulioanza na bahasha za redio unasema mpaka leo kwamba asilimia 100 ya michango inaenda kwa wanasayansi, gharama za ofisi zinatoka kwingine. Kumbe inawezekana kusema namba ya pili hadharani.

Uwanja na ukuta wake

Kwetu gofu ilikuja na reli na walowezi. Royal Nairobi Golf Club ilianza 1906, kabla hata Nairobi haijawa mji wa maana. Enzi za ukoloni Mwafrika aliingia kwenye viwanja hivi kukata nyasi au kubeba mfuko. Na kama umewahi kuona picha ya Nairobi kutoka juu unajua uwanja huo umepakana na nani: Kibra. Nyasi za kijani upande mmoja, mabati upande wa pili.

Julai 2019 nchi hii ilipigwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore wa Safaricom. Tarehe 26 akafariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Tarehe 29, Gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Wote kansa. Mimi nilikuwa shule bado, na nakumbuka kwa mara ya kwanza watu wazima kwa matatu wanasema hilo neno kwa sauti ya kawaida.

Kati ya hao watatu mimi namfikiria Okoth zaidi. Alizaliwa na kukulia Kibra. Mapema mwaka huo alikuwa amejitokeza mwenyewe akasema: nina kansa ya utumbo, hatua ya nne. Hakungoja msemaji wa familia aje na "kuugua kwa muda mrefu". Alikuwa na miaka 41. Ni kansa ile ile ya Babe na ile ile ya Shangazi. Sijui kama alijua habari za Babe, ila walifanya kazi moja, na haikuhitaji hundi.

Kwa hivyo mimi nasimama wapi? Sichukii gofu ya kansa. Nikiitwa tena nitaenda, na kama kuna mtoto mmoja atapata dawa kwa sababu mtu amenunua meza ya chakula, chezeni mpaka usiku. Lakini nina masharti yangu madogo, na nimeyatoa kwa historia, sijayaota.

Kwanza, tuambieni namba ya pili, ile iliyobaki. Pili, tuambieni mlango: hospitali gani, wodi gani, mashine gani, wagonjwa wa aina gani. Babe alisema Galveston. Tatu, mgonjwa awepo, mwenye kukubali, kwa jina lake, akae meza ya mbele na apewe maiki kabla ya mdhamini. Na nne, makedi waulizwe. Siku nzima kuna watu makumi kadhaa wanatembea uwanja mzima na mizigo mgongoni, wengi wao wa umri ambao kupimwa ni muhimu. Wekeni hema moja la kupima pale pale, bure, kwao kwanza. Sidhani lingezidi bei ya vile vikombe.

Na sisi huku chini, ambao hatujawahi kushika fimbo, tuna sehemu yetu. Ukiona damu kwa choo, au choo kimebadilika wiki kadhaa, au unapungua uzito bila sababu, usikubali kuishia kwa dawa za vidonda za kununua dukani. Nenda upimwe. Na kama kuna mtu kwenu anaumwa na nyote mnajua isipokuwa yeye, hiyo siri sio zawadi. Mtafuteni daktari aongee naye polepole, akiwa ameketi, mtu anayempenda akiwa kando. Asijue kwa kuongezwa kwa grupu.

Ile video ya gofu niliimaliza na nikaituma kwa waliolipa, wakaipenda. Kabla ya kuituma niliwaandikia ujumbe mfupi nikiwauliza zile pesa zilienda hospitali gani, na zilibaki ngapi. Nilisema kuna mzee anataka kujua. Waliniwekea dole gumba. Mwaka huu wakiniita tena nitauliza nikiwa nimesimama pale pale, kamera ikiwa imewaka, na yule mzee nitamwomba asimame kando yangu.